Pindo la Baba, Vifungo vya Mama

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, ingawa msaada nimeshapewa mwingi na kila mpita njia aliyesimama mlangoni pangu, na wote wameuacha hapo hapo kama mteja anayeacha suruali bila kutoa kianzio, kwa hiyo wewe nipe kidogo tu ila kiwe cha kweli. Mimi ni fundi cherehani, umri wangu ni ule wa kuachiwa kiti, shule niliishia darasa la tano baada ya mimi na mwalimu kukubaliana kwamba tumechoshana, na ukiona sentensi zangu hazisimami ujue hata cherehani yangu haina breki. Nimekuita mpendwa kwa sababu naona ndivyo wanavyoanza wenzangu, sikujui, ila picha yako nimeiona ukurasani, unaonekana ni mtu anayelala usingizi wa kutosha, basi acha nikupunguzie.

Nashona sare za shule. Ndiyo kazi iliyonilisha, ikanioza, mke wa kwanza Mungu akamchukua, ikanioza tena, na ikawasomesha wanangu wakubwa mpaka pale walipoamua wenyewe kwamba inatosha, mmoja anaendesha lori na mwingine anatengeneza simu za watu na kusoma meseji zao. Halafu uzeeni, wakati wenzangu wanaletewa wajukuu, mimi nikaletewa mtoto. Tunamwita Bobini, kwa jina la kile kigurudumu cha uzi kinachokaa tumboni mwa cherehani, kwa kuwa alizaliwa mdogo vile na hakutulia vile.

Sasa huyu Bobini kamaliza shule ya msingi, mtihani kaufanya, na kaharibu kabisa amani ya nyumba yangu, yaani kafaulu. Angefeli kwa heshima kama kaka zake tungekuwa tunakunywa chai saa hizi. Kachaguliwa ile shule ya serikali inayochukua watoto wenye alama za juu tu, mtaani tunaiita shule ya vichwa, ni ya bweni na ni safari ya kutwa nzima. Mama yake hataki kuisikia. Yeye kapata shule binafsi ya kwenda asubuhi na kurudi jioni, basi lao linapita hapa kwenye kona yangu, tunaiita shule ya makoti, maana wanafunzi wake wanavaa koti la sufu na tai hata siku ambayo mbwa wanagombea kivuli. Zote mbili zinafunguliwa Jumatatu moja, na ile ya serikali usiporipoti wiki ya kwanza nafasi anapewa mwingine na wewe unabaki na hadithi.

Usidhani tumekaa bure. Tumekwenda kuziona. Shule ya makoti tulikaribishwa ofisini kwenye viti ambavyo ukikaa unazama, mkuu wa shule akatuambia kwamba wao wanamlea mtoto mzima, nikamuuliza kama kuna shule zinazolea nusu, mke wangu akanikanyaga mguu. Akaniuliza maono yangu kuhusu mwanangu ni yapi, nikamjibu kwamba namuona akivuka barabara bila kugongwa, mke wangu akanikanyaga mguu wa pili. Mtoto hakuulizwa kitu, alipewa soda. Wakatuonyesha maktaba, vitabu vimepangwa vizuri kwa rangi, vipya, havijaguswa na mkono wa mwanadamu.

Shule ya vichwa tulipokelewa na mwalimu wa bweni, kavaa kandambili na filimbi shingoni, akatuonyesha mabomba yamejipanga ukutani kama askari, linalotoa maji moja. Vitanda vya ghorofa, magodoro yenye historia ndefu kuliko ya nchi. Mama yake akauliza mtoto mwenye pumu akibanwa kifua anapelekwa wapi, maana Bobini ana pumu kidogo, ya msimu wa vumbi tu, na mwalimu akajibu, "Mama, hapa watoto hawana muda wa kuumwa." Mimi nikacheka, ulikuwa utani mzuri. Mke wangu hakucheka, na mpaka leo nikicheka jambo lolote ananiuliza kama ni lile la mwalimu wa bweni.

Watu wote wana maoni. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ambaye ni mkaguzi wa kitu fulani ambacho hajawahi kukitaja, alikuja akasimama katikati ya vipande vya vitambaa vyangu akasema, "Shemeji, siku hizi elimu si masomo. Elimu ni mtandao wa watu." Nikamwambia mtandao hata buibui anao na bado anaishi kwenye kona ya choo. Kakasirika, lakini kaahidi kuchangia ada ya shule ya makoti, kwa hiyo buibui kanishinda.

Mimi nina vipimo vyangu. Suruali za hizo shule zote zinarudi kwangu kutiwa viraka, naziona. Za makoti zimelika makalioni, maana yake wanakaa. Za vichwa zimelika magotini, na hapo sijajua kama wanasali au wanaadhibiwa, lakini angalau wanafanya kitu. Huo ndio utafiti wangu, na nimeufanya kwa kujitolea.

Sasa nifike penye uchafu wenyewe. Tulishindwa kuelewana, tukaelewana jambo moja tu, kwamba nishone sare zote mbili, ziwe tayari, Mungu ataamua. Na kazi yetu tumegawana tangu tuoane, mimi nakata na kushona, mke wangu anamalizia, yaani vifungo na pasi. Wewe usiyeshona acha nikufundishe. Suruali ya mwanafunzi haikatwi kwa mguu wa leo. Unaacha pindo, kitambaa cha ziada kimekunjwa ndani pale chini, mtoto akirefuka unafumua unamshushia. Mzazi anayeamini kwamba mwanawe atadumu shuleni anasema fundi niachie pindo la kutosha, na yule anayejua ada ya muhula wa pili itamshinda anasema fundi kata tu, na mimi siulizi. Basi suruali ya shule ya vichwa nikaiachia pindo la kiganja kizima, hata akirefuka kama mlingoti linatosha. Suruali ya shule ya makoti nikaiachia pindo la upana wa ukucha. Sikukusudia. Haya, nilikusudia, lakini mkono ulitangulia.

Mke wangu alipokuwa anapiga pasi akaigeuza ile suruali nje ndani, akaweka kidole kwenye pindo, akaniangalia.

"Baba Bobini," akasema, "huku mwanangu hatarefuka?"

Nikamwambia kitambaa kilipungua.

"Kilipungua upande wangu tu?"

Hakugomba. Mke akigomba unajua alipo, huyu alichukua sindano akaketi kupiga vifungo, na nilipoangalia baadaye nikaelewa. Koti kalizungushia uzi kila kifungo mpaka siku ya kiama watu watafufuka na vile vifungo vitakuwa vimeshika. Shati la shule ya vichwa kila kifungo kakigusa mara moja, kama mtu anayekusalimia huku anaangalia pembeni, mtoto akipiga chafya anabaki kifua wazi mbele ya bendera. Mimi nimetumia pindo, yeye katumia vifungo, na hakuna aliyesema neno la ubaya, ni nyumba yenye adabu sana hii.

Tangu siku hiyo tunaongea kwa kupitia mtoto. "Bobini, mwambie baba yako chai iko mezani." Na mimi nimekaa hapo hapo mezani, mvuke wa chai unanipiga usoni. "Bobini, mwambie mama yako ahsante." Bobini anasema, "Wamesikia," halafu anachovya mkate wake.

Ungedhani imefika mwisho. Wiki iliyopita nimelishusha shati la shule ya vichwa kutoka kwenye msumari, nikakuta vifungo vyote vimekazwa upya. Kwa uzi wa bluu. Shati jeupe, mshauri, uzi wa bluu. Uzi umepita juu, umepita pembeni, kifungo kimoja kimeshonwa pamoja na mfuko, fundo limeachwa nje kama kinyesi cha mbuzi, kazi ambayo mteja akiniletea naikana mbele ya mashahidi. Nikasema moyoni, mke wangu kasalimu amri ila kwa kiburi, kakaza vifungo na kunitukana kwa rangi. Nikavunja kiapo changu cha kutomsemesha nikamwambia ana kwa ana, "Ahsante kwa vifungo, ingawa umeshona kama uliyefumba macho." Akaniambia, "Sikushona mimi. Umeshona wewe, ukachafua makusudi, ili watu waseme mimi sijui kazi." Nikamwapia. Akaniapia. Katika nyumba hii wanaoshika sindano ni mimi na yeye, Bobini nilimpiga marufuku tangu anatambaa, huu ufundi ni ugonjwa wa kurithi na sitaki umpate, na siku hizo yeye alikuwa na mambo yake, kidole gumba kimefungwa kitambaa, anasema kachomwa na mwiba, uwanja wetu wote ni saruji lakini watoto wa siku hizi wanapata miiba popote. Kwa hiyo mmoja kati yetu wawili ni mwongo, na mimi najijua.

Kwa wale watakaosema napenda sifa zaidi kuliko mtoto, nawajibu hivi. Sare za shule ya vichwa nimezishona toka nina meno yote. Nimewapima watoto wa mahakimu na watoto wa wauza mitumba, wote nimewapigia magoti na tepu mdomoni kupima urefu wa mguu, na wote nimewaambia, "Soma, mwanangu," kwa sababu ndiyo bei ya kazi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa wangu. Sasa yuko mmoja, wateja nimeshawatangazia, hata wasiouliza, na mama yake anataka nikamvalishe koti la sufu akakae mahali pa kupewa soda.

Basi niambie nimpeleke wapi, nami nimpeleke kule nilikokwisha kuamua. Na uniandikie wazi kwamba nina haki, kwa herufi kubwa, mke wangu husoma gazeti lako kabla yangu.

Ni mimi,
Fundi wa Kona


Mzee wangu Fundi wa Kona, shikamoo.

Usingizi umenipunguzia kweli. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nilicheka, ya pili nilikasirika, na hili ninalokuandikia ni la ile mara ya pili.

Nianze na sifa zako, maana unazipenda. Utafiti wako wa makalio na magoti ya suruali ni mzuri sana, upeleke wizarani wakupe ofisi. Ila ulipomaliza kukagua suruali za watoto wa watu wote, mtoto uliye naye ndani hujamkagua hata ulimi. Umeandika kurasa nzima, nimemtafuta Bobini akisema neno, nimekuta moja tu, "Wamesikia." Mkuu wa shule ya makoti alimpa soda asimuulize kitu, ukamcheka. Wewe hata soda hujampa.

Halafu pumu. Mabomba ya maji umeyapa mstari, magodoro umeyapa mstari, mtandao wa buibui umeupa aya, na kifua cha mwanao umekipitisha katikati kama mtu anayepitisha mzigo bila ushuru. "Pumu kidogo." Pumu kidogo ni ile ya mtoto wa jirani, mzee. Mama aliyesikia mwanawe akihangaika kuvuta pumzi upande wa pili wa ukuta haijui hiyo ya kidogo. Aliuliza swali la maana kuliko yote mliyouliza katika shule zote mbili, akajibiwa kwa mzaha, na mumewe akacheka upande wa aliyemdhihaki. Na wewe unashangaa vifungo vinadondoka. Shukuru hakukushonea mfuko wa suruali yako ukiwa umelala.

Mama Bobini, najua unasoma kwanza, kwa hiyo sogea na wewe upate sehemu yako. Pole, na hofu yako ni halali. Lakini mtoto hatunzwi kwa kushonewa shati la kumuaibisha mbele ya wenzake. Kama unaogopa kifua chake, sema kifua. Usiseme makoti, usiseme mtandao wa watu, wala usimlete kaka yako aje kusema kwa niaba yako. Nahisi pia kuna jambo hujalisema: akiondoka Bobini, nani atakayekuambia chai imepokelewa? Mtabaki wawili mezani, na wote mnaogopa. Baba anaficha woga wake ndani ya utani, wewe unauficha ndani ya ada. Hilo ni lenu. Mtoto wa umri wake hawezi kuwa uzi wa kuwaunganisha watu wazima wawili walioshindwa kuambiana ahsante.

Sasa tuje kwenye uzi wenyewe, ule wa bluu.

Mzee, umekaa kwenye cherehani maisha yako yote, mshono mbovu unaujua hata ukiwa gizani, na bado umeniandikia kwa mkono wako mwenyewe kwamba vifungo vimeshonwa na mtu asiyejua, kwamba mkeo anaapa si yeye, kwamba wewe unaapa si wewe, na kwamba wiki hiyo hiyo kuna mtu amechomwa kidole gumba katika uwanja wa saruji. Kisha ukahitimisha kwamba mkeo ni mwongo. Mzee wangu, nyumba hiyo ina watu watatu. Umehesabu wawili.

Sindano ulimkataza, akaiba. Rangi hakuijali, alichukua uzi uliokuwa karibu kabla hamjarudi. Kashona mpaka akatoboka kidole, akafunga kitambaa, akadanganya mwiba, akakaa mezani anachovya mkate huku nyinyi mnaapiana juu ya kazi yake. Koti hakuligusa. Pindo hakuligusa. Alikaza vifungo vya shati moja tu, na ukitaka jibu la swali lako, mtoto ameshakuandikia, na ameandika kwa herufi kubwa kama ulivyoomba.

Kwa nini hakusema kwa mdomo? Angesemaje? Akitaja shule moja anampoteza baba, akitaja nyingine anampoteza mama. Kaona mnazungumza kwa pindo na kwa vifungo, akajua ndiyo lugha ya nyumba, akaitumia.

Lakini usianze kushangilia, najua tayari umeshainua mguu uende kuwaambia wateja. Huna haki, nami nakataa kukuandikia kwamba unayo. Mtoto hakukaza vifungo vile ili wewe upate mtu wa kumtangaza. Huenda hata shule ya vichwa haipendi. Huenda anapenda tu kwamba nafasi ile ni kitu pekee ndani ya nyumba yenu ambacho hakikukatwa na baba wala kumaliziwa na mama. Aliifanyia mtihani peke yake. Mengine yote aliyovaa toka azaliwe mmemshonea nyinyi.

Gazeti hili linakufikia Jumamosi na shule zinafunguliwa keshokutwa, kwa hiyo hakuna muda wa kubishana. Zima cherehani. Kaeni watatu, mezani hapo hapo, muulizeni Bobini anataka kwenda wapi, na akianza kujibu wewe ufunge mdomo kwa tepu yako, unayo. Asitajiwe vifungo kwanza. Mwacheni aseme. Nikiwa nimekosea na akisema makoti, basi ni makoti, nawe utalimeza na mwiba wake.

Akisema vichwa, leo leo mama yake ampeleke kwa daktari wake, wapate maelezo ya maandishi na dawa ya kuvuta, zaidi ya chupa moja, moja ikae mfukoni mwa mtoto daima. Jumapili mnasafiri naye wote wawili. Mkifika, mama ndiye anaongea, wewe unabeba godoro. Aonane na muuguzi wa shule, si yule bwana wa filimbi na vichekesho, amuulize akibanwa usiku nani anaamka, ufunguo wa zahanati anakaa nao nani, na gari ni la nani. Akiridhika, mtoto anabaki, kwenye kitanda cha karibu na dirisha. Asiporidhika, mnarudi watatu, bila mjadala, bila kununa njiani, na Jumanne basi la makoti linapita kwenye kona yako. Sifa zako hazimpulizii mtoto pumzi.

Na kwa kuwa safari hiyo ni lazima iwe ya kweli, yaani na kurudi nako kuwezekane, kabla hamjaondoka utakaa kitini ukate suruali nyingine ya shule ya makoti, yenye pindo la kiganja kizima. Kitambaa hakitapungua, nakuhakikishia. Uikunje, uiache juu ya kitanda cha mkeo, na usiseme kitu cha kuchekesha. Ataigeuza nje ndani, ataweka kidole, ataelewa. Baada ya hapo jaribuni kuambiana mambo ya chai bila mkalimani.

Mama Bobini, utashawishika kulichukua lile shati jeupe ulisawazishe kabla ya safari, maana wewe ni fundi, na fundo lile nje litakuuma macho. Nawe mzee utashawishika zaidi. Watoto wa kule watamcheka, ndiyo. Watamuuliza ni fundi gani kipofu aliyemshonea, naye atakuwa na jibu ambalo hakuna mwingine kwenye mstari ule atakayekuwa nalo.

Mpelekeni hivyo hivyo. Uzi wa bluu asiuguse mtu.